Ukungu Unaanzia Mbali

Ndaga fijo, asanteni sana kwa kunikaribisha. Wengine humu mlinisikia Iringa, wengine Makambako, kwahiyo mnajua naanzia wapi. Naanzia kwenye ukungu, huu mnaouongeza kwenye picha kwa kompyuta, na nitalirudia hili kila mkiniita mpaka nione picha zimebadilika.

Wiki hii nimezunguka Mwanjelwa hapa Mbeya naangalia picha za harusi zilizobandikwa nje ya studio. Pozi nzuri, mwanga mzuri, halafu mtu kachukua leya nyeupe, yaani tabaka la rangi juu ya picha, kashusha opasiti, yaani uzito wake, mpaka asilimia 40, kaimwaga picha nzima. Uso wa bibi harusi umepauka, shela limepauka, na mlima ulioko kilomita kadhaa nyuma yake nao umepauka kiasi kilekile! Jamani huo ni ukungu wa wapi? Mmezaliwa huku, mmeenda shule mnautembea kila asubuhi, halafu mkikaa kwenye kompyuta mnausahau.

Kuna mama mmoja wa Tukuyu aliniletea picha ya harusi ya binti yake, imepigwa kwenye shamba la chai, studio fulani ikamwekea ukungu wa namna hiyohiyo. Kompyuta huyo mama hajawahi kuigusa. Akaniambia, mwanangu, hii picha inanisumbua na sijui inanisumbua nini. Nikamuuliza, mama, pale kwako asubuhi ya ukungu ukifungua mlango unaona nini? Akasema, naona mgomba wa kwanza vizuri, wa pili kama kivuli, wa tatu najua upo kwa sababu niliupanda mwenyewe.

Nikakaa kimya kidogo. Miaka yote nafundisha sijawahi kulisema vizuri hivyo. Mgomba wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ukungu ni umbali, ndio somo zima.

Sasa sikilizeni kwa namba maana najua kuna wabishi. Kwenye programu ya kuhariri picha, nyeusi tii ni 0 na nyeupe kabisa ni 255. Nendeni pale Isongole asubuhi, barabara ya Tukuyu, kuna nguzo zimepangana pembeni ya barabara. Piga picha, ifungue, chukua kile kidude cha kupima rangi, gusa nguzo moja moja. Tuseme ukungu wenyewe unasoma 200 na nguzo ya kwanza inasoma 40. Tofauti yao ni 160. Kama kila hatua ya nguzo hadi nguzo inakata tofauti hiyo nusu, nguzo ya pili itasoma 120, ya tatu 160, ya nne 180, ya tano 190, na hiyo ya tano jicho halijui tena kama ni nguzo au ni ukungu. Mimi nilipopima hazikutoka sawasawa hivyo, barabara siyo maabara, ila mwendo ni huohuo, unakimbia sana mwanzoni halafu unapungua. Na angalieni 200, siyo 255! Ukungu siyo nyeupe ya karatasi, una rangi ya anga la saa hiyo, kwahiyo rangi uichukue kwenye anga la picha yako mwenyewe.

Kitu kingine, wengi wenu mnapiga blaa, yaani mnafanya picha isionekane kwa makali, huko nyuma mnasema ni ukungu. Hapana! Blaa inavuruga mistari, ukungu kazi yake kubwa ni kula tofauti kati ya cheusi na cheupe. Mti wa mbali kwenye ukungu bado una umbo la mti, umefifia tu.

Kwahiyo unafanyaje. Leya ya rangi ya anga, juu yake maski, yaani kifuniko cha kuchagua leya ionekane wapi, nyeusi inaficha na nyeupe inaonyesha. Bibi harusi mpake nyeusi karibu yote, mistari ya chai iliyo jirani kijivu kilichokolea, miti ya nyuma kijivu chepesi, mlima nyeupe. Tumia brashi laini, nenda polepole. Chini bondeni ongeza kidogo maana ukungu unalala kwenye mabonde. Mwisho tia punje, vile vidoadoa vidogo vya picha, kidogo zifanane na punje za picha, leya laini kupita kiasi inajionyesha yenyewe kwamba imebandikwa.

Najua kuna mtu anasema mwalimu, Photoshop hela. Programu ya GIMP ipo toka miaka ya 90, ni bure, ina leya, ina maski, utaniambia nini tena? Mwingine anasema siku hizi akili mnemba inafanya yenyewe ukigusa mara moja. Sawa, iache ifanye, halafu nani atakagua? Kama hujui mgomba wa tatu unatakiwa uonekaneje utapokea chochote unachopewa. Na yule anayesema wateja hawaoni, nimeshawaambia habari ya yule mama. Mteja anaona, jina la kosa tu ndio hana, na mwakani anapeleka harusi ya mdogo wake kwa mtu mwingine.

Halafu kivuli, hili linaniuma. Picha ya saa sita mchana, kivuli cha bwana harusi kimekatika chini kama kimechorwa kwa rula, halafu juu yake umeweka ukungu! Jua likipenya hivyo ukungu utakuwa umetoka wapi? Chagua picha ya siku ya mawingu, au uache.

Naona naonyeshwa saa, basi mvua niiseme haraka. Tone kubwa la mvua linashuka kama mita 9 kwa sekunde, kwahiyo kwa shata ya 1/60, yaani kamera ikifunguka kwa sehemu hiyo ya sekunde, linaacha mstari wa sentimita 15 hivi, kwa 1/1000 haufiki hata sentimita 1. Kwahiyo umepiga watoto wanaruka, nywele zimeganda hewani, halafu unaweka michirizi mirefu ya mvua, havikai pamoja. Na chini paloweshe! Lami ikilowa inakuwa nyeusi na inarudisha taa, udongo unakolea rangi. Mvua juu ya vumbi kavu sitaki kuiona tena.

Theluji nilitaka niisemee pamoja na ile barafu nyembamba inayoshika majani kule Kitulo mwezi wa saba, lakini muda umekwisha, itabaki.

Kesho tunakutana Uyole saa 11 na nusu alfajiri, gari linaenda Isongole. Njooni na kamera au hata simu, vaeni makoti, na msichelewe kwa sababu jua likishapanda zile nguzo zote zinaonekana na hatutakuwa na cha kupima.