Mbwa Wako Hana Mpango wa Kupindua Nyumba

Wazee wangu shikamooni, na wengine habari za mchana. Mwenyekiti aliniomba nianze kwa kueleza mbwa ni nani na asili yake ni wapi. Hilo naliruka. Mtu aliyeacha shughuli zake Jumamosi hapa Moshi kuja kusikiliza habari za mbwa, mbwa anamjua. Naingia moja kwa moja kwenye ugomvi.

Ugomvi wenyewe ni huu. Mbwa ananguruma mtu akisogelea bakuli lake. Jirani anasema: "Huyo anataka kukupanda kichwani, mwonyeshe nani mkubwa." Baba mwenye nyumba anamnyang'anya bakuli, anampindua chali, anamkandamiza shingo mpaka atulie. Mbwa anatulia kweli. Baba anajifuta mikono, anaingia ndani kama mshindi. Kila nikipewa kipaza sauti nalisema hili, na leo nalisema tena: hapo hakuna ushindi. Mbwa alikuwa na wasiwasi kwamba mtu akija chakula kinaondoka. Sasa amethibitishiwa.

Nadharia hii ya ubabe ilitoka wapi? Naambiwa kila mara, "Mwalimu, hayo ya kumbembeleza mbwa ni mambo ya wazungu." Jamani, hata hilo la kumpindua chali ni la wazungu! Halikutoka Machame wala Rombo. Mwaka 1947 mtafiti Rudolf Schenkel alichapisha maelezo ya mbwa mwitu aliowatazama kwenye bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. Nasema mbwa mwitu wa kijivu wa nchi za baridi, si hawa wetu wenye mabaka wa Mkomazi. Walirundikwa hadi kumi kwenye eneo la mita 10 kwa 20 hivi. Weka wapangaji kumi wasiochaguana kwenye chumba kimoja, mlango umefungwa kwa nje, uone kama hawatagombania godoro. Walipopigana, ikaandikwa kwamba hiyo ndiyo tabia yao: kuna mbabe juu, na wengine wote wanavizia nafasi yake.

Mmarekani David Mech akalichukua neno alfa, yaani huyo mbabe wa juu, akalisambaza kwa kitabu chake cha mwaka 1970. Lakini kuanzia 1986 akawa anakwenda kila majira ya joto kisiwa cha Ellesmere, kaskazini ya mbali ya Kanada, kuwatazama mbwa mwitu walio huru. Akakuta nini? Baba, mama na watoto wao, wa mwaka huu na wa miaka iliyotangulia. Basi. Yule "alfa" ni mzazi. Cheo hakukipata kwa kung'ata mtu, alikipata kwa kuzaa. Mwaka 1999 Mech akaandika waziwazi kwenye jarida la kisayansi kwamba neno hilo linapotosha, na baadaye akambembeleza mchapishaji aache kukichapa kile kitabu chake. Mwenye mali ameikana, sisi huku bado tunaiuza.

Sasa namwona mzee pale nyuma anatikisa kichwa. Anataka kusema, "Lakini mbwa wangu wawili nyumbani, mmoja ni mkubwa wa mwenzake." Ni kweli, mzee wangu, sibishi. Watafiti waliofuatilia mbwa wasiofungwa kule Italia waliona ngazi za wazi kati yao, nani anampisha nani. Wanaosema ubabe haupo kabisa kati ya mbwa nao wamezidisha chumvi. Tofauti yangu na nyinyi ni hii: huo ni uhusiano kati ya wanyama wawili, kuhusu kitu fulani. Nenda nyuma ya mabucha ya soko la Mbuyuni ukatazame. Mbwa mdogo akiwa na mfupa mdomoni, analaza masikio, anakaza mwili, anaubana chini kwa miguu, na mkubwa anaweza kupita asiuguse. Kesho kwenye kivuli mdogo huyohuyo atainuka ampishe mkubwa. Cheo kiko wapi hapo? Na wewe mwenye nyumba, ndiye unayefungua geti, unayefunga mnyororo, unayebeba sufuria. Mbwa akupindue achukue nini?

Turudi kwenye bakuli, maana ndiko watu wanakong'atwa. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walichapisha majibu ya wenye mbwa 140 waliofika kliniki ya tabia. Kati ya waliowahi kumpiga au kumpiga teke mbwa aliyekosea, asilimia 43 walisema mbwa alijibu kwa ukali. Kumpindua chali, asilimia 31. Kumkazia macho tu, asilimia 30. Yaani tiba inachochea ugonjwa uleule.

Kazi yenyewe basi. Andikeni, nimeona wengine mnarekodi kwa simu na simu zenyewe ziko mfukoni.

Kwanza tazama njaa na maumivu. Mbwa wa ulinzi anayepewa ugali wa dona mara moja, saa tatu usiku, ataulinda ugali huo kwa meno. Chakula kilekile kigawe mara mbili, asubuhi na jioni. Mwite daktari wa mifugo aangalie meno, masikio na minyoo, maana mbwa mwenye jino bovu ananguruma kwa sababu anaumwa.

Pili, tafuta mstari wake. Mpe ugali, simama mbali, sogea taratibu. Kuna mahali ataacha kutafuna, au ataanza kumeza harakaharaka, atakaza shingo, atakuonyesha weupe wa jicho bila kuinua kichwa. Hapo bado hajanguruma. Tuseme ni mita 3. Kazi yako inaanzia mita 4.

Chemsha maini ya kuku au filigisi bila chumvi wala kitunguu, katakata vipande vya ukubwa wa punje ya maharage. Kwenye bakuli muwe na ugali mtupu. Kitu kizuri kiwe mkononi mwako. Pita kwenye mita 4 kama mtu anayekwenda zake, rusha kipande kimoja karibu kabisa na bakuli, endelea na safari. Usisimame, usiongee, usimwite jina. Mara nane au kumi kwa mlo mmoja, halafu mwache amalize kwa amani. Siku atakapoinua kichwa akikuona, mwili umelegea, macho yanatafuta filigisi, punguza nusu hatua. Nusu, si mbili! Akikaza tena, rudi nyuma mita nzima.

Yanaharibika wapi? Kipande kinaangukia mbali, mbwa analazimika kuliacha bakuli, wasiwasi unaongezeka. Au mtu ana haraka, siku ya tatu kashafika bakulini anampapasa kichwa, kang'atwa, anarudi kusema njia haifai. Au kuna mbwa wa pili uani: mtenge kabla hujarusha chochote. Au mbwa amefungwa mnyororo wa mita moja na nusu. Huyo hana pa kurudi nyuma, atanguruma mapema zaidi, afadhali awe ndani ya banda na wewe upite nje ya wavu. Watoto hawahusiki na kazi hii hata kidogo.

"Si unamzawadia kwa kunguruma?" Hapana, unarusha kabla hajanguruma. Ndiyo maana tulitafuta mstari. Na siku akinguruma, simama, geuka ubavu, ondoka polepole. Usimwadhibu. Ngurumo ni taarifa, na ukimchapa kwa taarifa, ataacha kuitoa na kubaki na meno.

Fimbo nayo. "Mbona mimi nikimwonyesha fimbo anatulia?" Anatulia kwako. Bakuli linapelekwa na nani saa mbili usiku? Dada wa nyumbani, au mlinzi, na yeye hana sura yako wala fimbo yako. Hofu ya mbwa kwa baba haihami kwa dada, lakini wasiwasi wake juu ya chakula unabaki palepale, na sasa hatoi onyo. Kwa hiyo kila anayelisha arudie zoezi tangu mita 4, kwa siku zake mwenyewe. Ni wiki kadhaa. Na usiogope kwamba mbwa wa ulinzi atakuwa laini: kubweka getini kwa mgeni na kung'ata familia kwenye bakuli ni mambo mawili tofauti.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, harakaharaka: kutangulia mlangoni si ubabe, ni haraka ya kutoka. Kulala kwenye kochi si ubabe, kochi ni laini. Wewe kula kwanza ndipo mbwa ale, hakumfundishi chochote. Kuvuta kamba nilikuwa na nusu saa yake, imekwenda na Basel.

Ila hili siliachi. Mbwa aliyebadilika ghafla, aliyekuwa mpole akawa mkali, au anayetoa mate mengi, au anashindwa kumeza, huyo si wa filigisi. Asisogelewe, toa taarifa ofisi ya mifugo. Mtu aking'atwa au akikwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, nenda hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Usingoje kuona mbwa atakuwaje. Mbwa akipatikana akiwa mzima atengwe kwa usalama, aangaliwe siku 10, asiuawe kwa hasira.

Maswali sasa. Kama kuna mtu mbwa wake amebadilika wiki hii, aanze huyo.