Simu Haili Kiapo

(Mhadhara kwa wanafunzi wa sheria)

Asanteni. Kabla sijasema lolote, toeni simu zenu. Ndiyo, leo ruhusa. Bonyeza nyota, reli, sifuri sita, reli. Mmeona? Tarakimu 15. Wenye laini mbili mnaona namba mbili, msishtuke. Hiyo ndiyo IMEI. Laini utatupa, utasajili nyingine, namba hiyo inabaki na kifaa, labda fundi wa kichochoroni awe ameichezea.

Miaka kadhaa nyuma nilimtetea kijana aliyeshtakiwa kwa kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu. Ule ujumbe mnaujua, hakuna asiyewahi kuupata: "Ile hela itume kwenye namba hii." Polisi walimkuta na simu, wakajaza hati ya ukamataji mali: "Simu moja nyeusi, kioo kimepasuka." Basi, imeishia hapo. Ripoti ya uchunguzi ikaja nzuri, kurasa nyingi, na IMEI juu kabisa. Nikamuuliza shahidi: afande, simu nyeusi zenye kioo kilichopasuka mjini hapa ziko ngapi? Watu wakacheka. Hakimu hakucheka, alikuwa anaandika. Ripoti ilikuwa na namba, hati haikuwa nayo, na hapakuwa na mtu wa kula kiapo kwamba simu iliyochunguzwa ndiyo iliyotoka mfukoni mwa kijana yule.

Huko ndiko teknolojia ilikotufikisha. Zamani tulibishana na macho ya watu. Mmesoma kesi ya Waziri Amani ya mwaka 1980, ya utambuzi kwa macho: shahidi alimwona mtuhumiwa kwa umbali gani, kwa muda gani, kulikuwa na mwanga gani, alikuwa anamfahamu kabla? Shahidi yuko kizimbani, unamhoji mpaka jasho limtoke. Kamera ya dukani huwezi kuihoji. Simu haili kiapo. Kwa hiyo maswali yamehamia kwa binadamu aliye karibu na mashine: nani aliichukua, nani aliitunza, nani aliifungua, alitumia nini. Mahakama ya Rufani ya Tanzania katika kesi ya Paulo Maduka ilikwisha kueleza mnyororo wa utunzaji wa vielelezo, kwamba kila mkono uliogusa kielelezo uonekane kwenye kumbukumbu. Haikuwa inazungumzia simu, lakini simu ndiyo inayouhitaji mnyororo huo kuliko panga. Panga likikaa stoo mwezi mzima linabaki panga. Simu iliyokamatwa inawaka, ina bando, inaendelea kuishi. Mtu aliye mbali anaweza kufuta ujumbe aliotuma. Askari wa kaunta akiingia WhatsApp "kuangalia tu", ujumbe ambao haukuwa umesomwa sasa umesomwa, na aliyeusoma si mshtakiwa. Iweke hali ya ndege, andika saa uliyoiweka, funga bahasha. Wataalamu wakinakili data hukokotoa alama ya faili, mithili ya alama ya dole gumba. Ukibadilisha herufi moja, alama inakuwa nyingine kabisa. Ulizeni alama hiyo mahakamani. Wengi hawaiulizi.

Sheria zenyewe nitazipitia haraka, mtazisoma. Sheria ya Ushahidi ni ya 1967, imeandikwa na watu wa karatasi. Mwaka 2000, kwenye shauri la kibiashara la Trust Bank dhidi ya Le-Marsh, Jaji Nsekela alikubali kumbukumbu za benki zilizotoka kwenye kompyuta. Kesi za jinai zikasubiri mpaka Sheria ya Ushahidi iliporekebishwa 2007, kikaingia kifungu cha 40A. Kisha 2015 ikaleta Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, na kifungu chake cha 18 ndicho mkilalie: ushahidi haukataliwi kwa sababu tu ni wa kielektroniki, ila uzito wake unategemea ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa, na alivyotambuliwa aliyeutoa. Wenzetu Kenya, kifungu cha 106B cha sheria yao, wanataka na cheti cha anayehusika na kifaa. Mimi nawaonea wivu kidogo kwa hicho cheti. Kinamlazimisha mtu kuweka jina lake.

Sasa jambo ambalo vitabu vya wageni havitawafundisha: saa. Mlalamikaji anasema, "Walinivamia saa mbili usiku." Karani aliyezoea Kiingereza anaandika 2:00. Hilo kosa la kwanza, saa sita zimepotea. Ripoti ya simu inatoka na ujumbe wa mwisho saa 17:00. Wakili wa utetezi anasimama: mheshimiwa, 17:00 ni saa kumi na moja jioni, jua bado lipo, shahidi anatudanganya na giza lake. Kumbe programu imetoa muda wa Greenwich, nasi tuko mbele kwa saa tatu. 17:00 yao ndiyo saa mbili usiku yetu. Hakuna aliyedanganya. Na kamera ya dukani? Hiyo umeme ulikatika, ikawaka upya, ikaanza kuhesabu tarehe yake yenyewe. Mpelelezi makini, siku anayochukua picha zile, hupiga picha skrini ya kamera pamoja na saa ya simu yake, aonyeshe tofauti. Dakika moja tu ya kazi.

Sauti za kughushi za akili mnemba mtaniuliza, najua. Jibu langu ni lile lile: msibishane na sauti, tafuteni simu iliyoirekodi na mtu aliyeishika.

Mwisho, mahakama mtandao. Tuna kanuni za 2021 za kusikiliza mashauri kwa njia hiyo, na kwa kutaja kesi inaokoa mafuta, karandinga na siku nzima ya mahabusu. Lakini Aprili 2025 mwanasiasa wa upinzani Tundu Lissu, aliyekuwa ameshtakiwa kwa uhaini, alikataa kushiriki kwa mtandao, akitaka afikishwe mahakamani. Mei 19 akaletwa mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam. Siasa muwaachie wenyewe. Mimi namfikiria mshtakiwa asiye na jina. Ukumbini nilikuwa nasogea kizimbani, nainama, mteja ananinong'oneza: "Huyo shahidi ni shemeji yake mlalamikaji." Neno moja, kesi inageuka. Kwenye skrini yuko gerezani, askari magereza amekaa ubavuni kwake. Atanong'oneza nini?

Nilikuwa na mteja hivyo. Shauri likaahirishwa, nikampungia mkono kumtoa wasiwasi. Hakuitikia. Nilipogeuka nikaelewa: kamera yetu ilikuwa inamwangalia hakimu.