Mtambo wa bia ya kimea nyumbani Kigoma: deli, sufuria, koili na maji ya ziwa

Karibu mtazamaji. Leo tunaunda mtambo wa kupika bia lita 20 kwa mkupuo mmoja, tukianzia kwenye kimea chenyewe, kisha tunauboresha kipande kwa kipande. Hii ni bia ya kunywa nyumbani. Kama una chini ya miaka 18 video hii si yako, na ukitaka kuuza, kakate leseni kwanza.

Tazama mezani. Kuna deli la lita 50, lile kasha la kuhifadhia barafu, sufuria mbili za alumini, moja ya lita 50 na nyingine ya lita 30, koki tatu za stenlesi za nusu inchi, bomba la shaba la milimita 15 lenye urefu wa mita tatu, elbo nne, tii moja, na mpira wa silikoni unaovumilia maji ya moto. Mpira wa kawaida wa bustani hautufai. Ukipitishiwa togwa, yaani maji matamu ya kimea, ya nyuzi 70 unalegea, na harufu yake unainywa kwenye glasi.

Deli nunua jipya. Lililokwisha kubeba dagaa wa mwalo wa Kibirizi, hata ulisugue kwa sabuni wiki nzima, plastiki imeshakunywa harufu na haitairudisha.

Tuanze na sufuria kubwa. Alumini haina ugomvi na bia, ila usiisugue kwa waya wa chuma wala usiioshe kwa kostiki soda. Ijaze maji, chemsha nusu saa, ukiona ndani pamekuwa pa kijivu usishtuke. Huo utando ndio ngao yake, uache hapohapo.

Sasa tundu la koki. Weka alama sentimita tatu kutoka chini, gonga msumari kidogo biti isiteleze, kisha toboa kwa biti ya ngazi, ile yenye umbo la pia. Uzi wa nusu inchi una kipenyo cha karibu milimita 21, kwa hiyo simama kwenye ngazi ya 21. Ukipitiliza ukafika 24, washa haitakaa na sufuria itavuja mpaka ichoke. Lainisha kingo kwa tupa. Pitisha kipande cha bomba chenye uzi pande zote mbili: ndani nati, nje pete ya silikoni, washa ya stenlesi, halafu koki. Kaza kwa spana mbili zikipingana, moja ndani na moja nje. Pete ya silikoni ikianza kubenuka pembeni, umekaza kupita kiasi, legeza robo mzunguko. Mafundi wengi watakukatia pete kwenye tyubu ya baiskeli. Haivuji, ni kweli, lakini inanuka, na joto linaitoa harufu yote.

Sufuria ya lita 30 fanya vilevile. Hiyo ni ya maji ya kusuuzia nafaka.

Deli lenyewe huwa lina tundu la kumwagia maji ya barafu. Ng'oa kizibo chake, weka koki ya tatu kwa mtindo uleule. Ndani tunaweka kichujio cha shaba. Kata bomba utengeneze mstatili wenye elbo nne pembeni, na tii upande unaotazama koki. Kwa msumeno wa chuma, kata mianya kila sentimita moja, iingie theluthi moja tu ya kipenyo cha bomba. Angalia kwa karibu hapa: mianya inatazama CHINI. Ukiigeuza juu, maganda yanaiziba dakika ya kwanza. Na mstatili usiguse ukuta wa deli, acha sentimita tano kila upande, kwa sababu maji hupenda njia ya mkato. Yakipata upenyo ukutani yatateremka huko na kuacha utamu katikati ya nafaka. Viungo usivichomelee. Vishindilie tu kwa mkono ili uweze kuvichomoa na kuvisafisha. Vikivuja ndani ya deli si hasara, vyote vinaelekea koki ileile.

Kabla ya kununua hata kilo moja ya kimea, jaribu deli. Mimina lita 15 za maji ya nyuzi 70, funika, rudi baada ya saa moja. Likipoteza nyuzi mbili, ni zuri. Likipoteza tano, mara nyingi mchawi ni mfuniko, kwa sababu mifuniko mingi ni mitupu ndani, hewa tu. Toboa vitundu viwili juu, jaza povu la mafundi dirisha, acha likauke siku nzima. Usipotaka kutoboa, funika kwa blanketi zito. Inafanya kazi, ingawa haipendezi kwenye picha.

Na kipimajoto chako kipime kwanza. Kigoma mjini tuko kama mita 775 juu ya bahari, hivyo maji hapa huchemka kwenye nyuzi 97 na nusu hivi, si 100. Kipimajoto kikisoma 100 ndani ya maji yanayotokota, kinadanganya kwa nyuzi mbili na nusu, na hizo mbili na nusu ndizo zinazotenganisha bia nyepesi na bia nzito.

Tumefika kwenye jambo linaloharibu bia nyingi za hapa kuliko vyombo vyote: maji.

Maji ya Ziwa Tanganyika ni safi kwa macho, lakini yana magadi. pH yake, kipimo cha uchachu na umagadi, inakaribia 9, bikaboneti ni nyingi, kalsiamu ni kidogo. Kimea kinataka rojo, yaani mchanganyiko wake na maji ya moto, lenye pH ya 5.2 hadi 5.6. Ukitumia maji ya ziwa matupu na kimea cheupe, rojo linabaki juu ya hapo. Vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari vinazubaa, sukari inatoka kidogo, na ukija kusuuza, maganda yanatoa ule ukakasi wa chai iliyosahaulika jikoni. Watu wanalaumu hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, kumbe ni maji. Na usidhani kuchemsha kutayatibu. Kwingine chokaa hutulia chini ya sufuria na ukali ukapungua, lakini hapa kalsiamu ni haba, hakuna cha kutosha kutulia.

Dawa yake ni mvua. Changanya sehemu mbili za maji ya mvua na sehemu moja ya maji ya bomba, ndiyo hayo ya ziwa, kwa ajili ya rojo, na maji ya kusuuzia yawe ya mvua matupu. Mvua ya kwanza iache ioshe bati, kinga ya pili. Kwa kuwa msimu wetu wa mvua ni mmoja, hadi Mei uwe umejaza tangi, maana kuanzia Juni hupati tone. Katika maji ya rojo weka gramu tano za jasi ya chakula ili kupata kalsiamu. Dakika kumi baada ya kuchanganya, chovya karatasi ya pH. Ikisoma 5.8, ongeza asidi ya laktiki mililita moja, koroga, pima tena. Usimimine kwa kukisia.

Maji ya bomba yenye klorini yaache wazi usiku kucha au yachemshe. Klorini ikikutana na kimea inatoa harufu ya zahanati, na haitoki tena.

Kimea. Kwa lita 20 tunatumia kilo nne za kimea cha shayiri na nusu kilo ya kimea cha ulezi. Usikipeleke mashine ya unga. Itakurudishia unga kweli, na unga kwenye deli ni saruji. Kimea kinaparazwa, hakisagwi. Chukua kinu cha mkono cha kusagia karanga, legeza mawe mpaka punje ipasuke vipande vitatu au vinne na ganda libaki zima. Hebu tazama kiganjani: hili ganda limefunguka kama kitabu, hivi ndivyo. Hili jingine limekuwa vumbi, legeza kinu. Ulezi hauna ganda la kusaidia kuchuja, kwa hiyo tupia gramu 200 za maganda ya mpunga yaliyooshwa.

Ukitaka kupika kwa mtama mtupu, usifuate joto nitakalotaja. Wanga wa mtama unahitaji nyuzi 70 na zaidi ili ulainike, na kwenye joto hilo vimeng'enya vyake vinakufa. Inabidi uloweke kimea kwenye nyuzi 45 kwa nusu saa, uteke maji ya juu yenye vimeng'enya uyaweke kando, uchemshe machicha yaliyobaki kama uji, uyapooze hadi nyuzi 65, ndipo uyarudishie yale maji. Kimea cha mtama pia kiondolewe mizizi na machipukizi baada ya kukauka, kwani mche wa mtama una sumu ya sayanidi.

Turudi kwenye shayiri. Kwa kilo nne na nusu pasha lita 13.5 za maji, yaani lita tatu kwa kilo. Tunataka rojo likae nyuzi 67. Nafaka ikiwa na joto la chumba, nyuzi 25, maji yawe 73. Deli likiwa la baridi, 74. Mimina maji kwanza, kisha nafaka kidogokidogo huku ukikoroga kama unasonga ugali mwepesi, mpaka madonge yaishe. Donge moja kavu ndani ni sukari uliyoitupa. Funika saa moja.

Fungua koki nusu tu. Togwa ya kwanza itatoka na ukungu. Ipokee kwa jagi, irudishe juu polepole, lita tatu hadi nne, mpaka ing'ae. Ukifungua koki yote kwa pupa, nafaka inajishindilia na mtiririko unakata. Ikitokea, funga koki, koroga tabaka la juu bila kufika kwenye shaba, ifungue kidogo upulize kwa mdomo kupitia mpira safi kurudisha mapovu ndani, ifunge tena, subiri dakika kumi, anza upya taratibu. Nafaka itabaki na lita nne na nusu hivi, wewe utapata tisa. Suuza kwa lita 16 za maji ya mvua ya nyuzi 75, zisizidi 77, upate lita 25 za kuchemsha. Machicha wape kuku.

Chemsha dakika 70. Kwingine wanasema 60, lakini kwa kuwa sufuria yetu inachemka chini ya 100, hopsi hutoa uchungu polepole zaidi. Gramu 25 mwanzoni, gramu 20 dakika kumi za mwisho. Povu la mwanzo linapanda ghafla kama maziwa, usiondoke hapo.

Sasa maboresho, na mpangilio wake una maana. Watu hukimbilia pampu. Nunua koili kwanza, lile bomba la kuzungushwa la kupoozea togwa.

Bomba la shaba laini la milimita 10, mita kumi, wanalo mafundi friji. Lijaze mchanga mkavu uliochekechwa, ziba ncha mbili, kisha lizungushe kwenye mtungi wa gesi wa kilo sita. Mchanga unazuia bomba kujikunja na kubonyea. Acha mita moja na ushee ya kupanda na kutoka nje ya sufuria. Mwaga mchanga, suuza mpaka maji yawe meupe. Siku ya kupika, izamishe dakika 15 kabla ya kuzima moto, mvuke na maji ya moto viisafishe. Ila uwe mkweli na hesabu: maji ya bomba yakiwa nyuzi 26, togwa haitashuka chini ya 28 au 29. Ndiyo maana bora utumie chachu ya Norway iitwayo kveik, inayofurahia nyuzi 30 hadi 38. Ukitumia chachu ya nyuzi 18 katika chumba cha Kigoma utapata ladha ya rangi ya kucha na kichwa cha asubuhi. Kama hiyo ndiyo uliyonayo, weka ndoo ya kuchachushia ndani ya beseni la maji, ivalishe taulo lililolowa. Kiangazi taulo hupunguza nyuzi tatu hadi tano, masika halifanyi kitu kwa sababu hewa imejaa unyevu.

Pili ni stendi ya kuinua sufuria ya kusuuzia ili maji yashuke yenyewe. Sufuria ya lita 30 iliyojaa ni zaidi ya kilo 30 za maji ya kuunguza juu ya kichwa chako. Usiipange kwenye matofali yasiyojengwa. Peleka vipimo kwa fundi wa kuchomelea, chuma cha pembe cha milimita 40, mkono wa kushikilia kila kona.

Pampu ndiyo ya mwisho. Chagua ya volti 12 ya sumaku iliyoandikwa kuvumilia nyuzi 100 na kufaa kwa chakula. Betri ya sola inaiendesha hata umeme ukikatika katikati ya kazi. Pampu hii haivuti hewa. Ifunge chini ya kiwango cha vyombo, fungua koki togwa ijae yenyewe kwenye mpira, ndipo uwashe. Ukitaka kupunguza mwendo, bana koki ya upande wa kutokea. Ukibana upande wa kuingilia, pampu itaanza kunguruma kama ina kokoto, na mapanga yake ya ndani yataliwa.

Ukimaliza, pitisha maji ya moto kwenye pampu ukiwa bado umechoka, si kesho. Chomoa kichujio, gonga kila bomba, chungulia mianya kwenye mwanga. Shaba ikiota ukijani, iloweke kwenye siki dakika 15 na uisuuze kabla haijagusa togwa nyingine.