Mnaita Wivu, Watu Wanapiga Hesabu

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nieleze kwa nini watu huwachukia vijana wanaojionyesha kwa mali za wazazi wao. Jibu la haraka ni wivu, na wepesi wa kulitoa ni hao hao wanaochukiwa. Silikatai lote. Wivu upo, nani humu ndani hajawahi kutazama picha ya mtu anayekula raha akasonya? Ila wivu huishia kwenye kusonya. Bondia akinunua magari kumi, watu humshangilia, kwa sababu ngumi alizokula waliziona. Mtoto wake akiyaringia, atasengenywa wiki moja, yaishe. Mambo huharibika pale mzazi anapokuwa mtumishi wa umma. Mshahara wake unajulikana, wanaoulipa ni watu wenyewe, na picha za mwanawe hazilingani nao hata kidogo.

Twende Jakarta, nchini Indonesia, Februari 2023. Kijana wa miaka 20 anampiga mwenzake wa miaka 17 hadi anapoteza fahamu. Video inasambaa, watu wanaingia kwenye kurasa zake kutaka kujua ni nani huyu. Wanakuta pikipiki ya Harley-Davidson, wanakuta Jeep Rubicon. Baba yake ni nani? Rafael Alun Trisambodo, ofisa wa mamlaka ya kodi. Si mkurugenzi mkuu, si waziri. Ni ofisa wa ngazi ya kati. Watu wakafungua fomu yake ya mali, maana kule fomu hizo huwekwa wazi, wakakuta ametaja rupia bilioni 56. Na ile Rubicon haimo.

Tangu hapo habari ikaacha kuwa ya ugomvi wa vijana. Watu wakaanza kuulizana: kodi tunalipa ya nini? Waziri wa fedha, Sri Mulyani Indrawati, akamvua Rafael wadhifa, kisha akaagiza ivunjwe klabu ya maofisa wa kodi wanaoendesha pikipiki kubwa. Ndiyo, walikuwa na klabu kabisa! Tume ya kupambana na rushwa ikaanza kuchunguza. Mwana alihukumiwa miaka 12 kwa kipigo kile. Baba, Januari 2024, akapata miaka 14 kwa rushwa na utakatishaji wa fedha. Na wananchi walikuwa wamenogewa. Wakaendelea kupekua kurasa za familia nyingine, wakamfikia mkuu wa forodha wa Makassar, naye akaishia gerezani.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Kijana yule, bila kujua, alimjazia baba yake fomu ya mali. Kile ambacho baba hakukiandika, mwana alikipiga picha, akaweka na tarehe. Wakaguzi wenye mihuri walikuwepo miaka yote. Kilichokosekana ni macho ya umma ya kuwasukuma watazame.

Mongolia, mwaka 2025, mambo yalikwenda kasi zaidi. Picha za mchumba wa mtoto wa waziri mkuu, zenye mikoba ya bei mbaya, zilitosha kuwatoa vijana nje kuandamana. Waziri mkuu, Oyun-Erdene, alikana kufanya kosa lolote. Tarehe 3 Juni alihitaji kura 64 za kuwa na imani naye bungeni, akapata 44. Mahakama haikuwa imemtia hatiani kwa lolote, na mimi simtii hatiani hapa. Lakini oneni uzito wa swali moja tu: mmevipata wapi?

Nepal ndiyo inayonitia hofu. Kwa wiki kadhaa vijana walikuwa wakirushiana picha za watoto wa wanasiasa, kando yake picha za vijana wenzao wanaoondoka kwenda kufanya vibarua nchi za Ghuba. Septemba 2025 serikali ikafunga mitandao mikubwa ya kijamii. Tarehe 8 waandamanaji 19 wakauawa. Siku iliyofuata waziri mkuu Oli akajiuzulu, huku bunge likiwaka moto na nyumba za viongozi zikichomwa. Kabla hali haijatulia waliokufa walipita 70. Watu wanapokosa wa kuwajibu, huenda kuuliza mlangoni, na kiberiti hakichagui nani aliiba na nani alizaliwa tu humo ndani.

Nakiri hata pasipo moto kuna uonevu. Matusi mazito huwaangukia mabinti. Mvulana huulizwa juu ya gari. Msichana huulizwa juu ya mwili wake, tena na watu wasiojua hata kama babaye ana cheo. Mtoto hakumchagua mzazi. Akiwa mtu mzima anachagua cha kuanika, na kwa hilo aulizwe, ila mwenye kupaswa kutoa hesabu ni yule aliyekula kiapo.

Kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi. Baada ya Jakarta, watoto wa wakubwa wamejifunza. Kurasa zinafungwa, picha zinafutwa, familia zinaonywa zisijionyeshe. Wengine huita hiyo staha. Mimi naona tumenyang'anywa darubini, maana mali iko pale pale. Katika nchi nyingi fomu ya maadili humtaka kiongozi ataje mali yake, ya mwenzi wake na ya watoto wadogo. Mtoto wa miaka 25 mwenye nyumba tatu na asiye na kazi hatajwi popote. Kama mnataka kuwasumbua wabunge wenu kwa jambo moja mwaka huu, waulizeni hilo: kwa nini fomu humsahau mtoto siku anapotimiza miaka 18, ilhali kuanzia hapo anaweza kumiliki nyumba kwa jina lake bila msimamizi?

Haya, naona mikono. Tuanze na mzee wa pale mbele.