Kwa nini nateremka mlimani jua likiwa ndiyo kwanza linakolea

Ndugu zangu wa Kigoma, habari za siku. Kila nikiweka video ya mlimani naulizwa jambo lile lile: kwa nini tunapanda gizani na kuteremka kabla ya saa sita mchana? Wapo watakaosema naringa na wapo watakaosema nalalamika, lakini aliyeuliza anastahili jibu.

Huku Uswisi mwezi wa nne, usiku mbingu zikiwa wazi, theluji huganda, na alfajiri huwa ngumu kiasi cha kumbeba mtu bila buti kuzama. Jua likipanda, maji ya kuyeyuka hupenya ndani na kulegeza matabaka, hata mteremko mzima ukaweza kuporomoka. Miteremko inayotazama mashariki hulegea kwanza, kisha ya kusini, mwishowe ya magharibi. Usiku wa mawingu ndio ninaouogopa zaidi, kwa kuwa theluji haigandi vizuri. Wavuvi wa Kibirizi watanielewa upesi, maana ziwa la alfajiri na ziwa ambalo upepo umekwisha kulichafua si ziwa moja. Buti likianza kuzama hadi kwenye kifundo, tunageuza bila mjadala.

Kila mmoja wetu huvaa chini ya koti kifaa cha kutoa na kunasa mawimbi ya redio ili aliyefukiwa apatikane, akabeba sepetu na ufito mrefu wa kupima chini ya theluji, kwa sababu aliyefukiwa hutegemea wenzake walio pale pale. Dakika 15 zikipita, matumaini huwa yamepungua mno. Mjomba wangu wa Mwanga alipiga simu kuuliza kwa nini nimetoa mamia ya faranga kununua "redio" ilhali nyumba haijaezekwa. Iliniuma, nami sikumjibu.

Kuna pia bima. Bima ya afya ya lazima hulipa nusu tu ya gharama za uokoaji, tena isiyozidi faranga 5,000 kwa mwaka. Anayefanya kazi angalau saa 8 kwa wiki kwa mwajiri mmoja hukingwa pia dhidi ya ajali za nje ya kazi. Mimi vibarua vyangu vimegawanyika, na fomu ya kuomba kinga ya ziada imerudishwa kwa sababu ya nakala moja ya kibali cha ukaazi. Hadi itakapokubaliwa, nabaki kwenye miteremko ambayo mwinamo wake haufiki nyuzi 30, wala sipiti chini ya iliyo mikali zaidi, kwani poromoko la juu huweza kufika hadi bondeni. Huo ni uamuzi wangu mimi. Mwenye bima kamili na kiongozi wa mlima atapima ya kwake.