Safu Moja, Aina Nyingi: Kuisoma JSON Mchanganyiko Bila Kubahatisha

Wenzangu waandishi wa programu, nawashukuru kwa kufika. Mada yetu ni jambo ambalo wengi wetu hukutana nalo mapema katika kazi hii: seva imetuletea safu ya JSON (muundo wa maandishi ambao programu hutumia kubadilishana data) ambayo vipengele vyake havifanani, huyu namba, yule mfuatano wa herufi, mwingine objekti nzima, ilhali lugha tunayoandikia inadai kujua aina ya kila thamani hata kabla programu haijaanza kuendeshwa.

Wapo wanaodhani kwamba safu ya namna hiyo ni kosa la aliyeituma. Si kosa. Waraka wa RFC 8259, ulio kiwango rasmi cha JSON na uliotolewa Desemba 2017, unaeleza waziwazi kwamba thamani zilizomo katika safu si lazima ziwe za aina moja. JSON inatambua mifuatano ya herufi, namba, objekti, safu, kweli, uongo na null. Haijui tarehe ni nini, wala haiwezi kujua kwamba objekti hii ni malipo na ile ni marejesho ya fedha. Maarifa hayo wanayo mtumaji na mpokeaji, na kazi yetu ni kuyaandika mahali ambapo programu itayaona.

Kuna hali mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Katika hali ya kwanza, nafasi ndiyo inayobeba maana, kama katika safu [1735689600, "wazi", 21.5], ambapo kipengele cha kwanza ni wakati uliohesabiwa kwa sekunde, cha pili ni hali ya kifaa na cha tatu ni joto. Hapa dawa ni nyepesi: hakikisha idadi ya vipengele, kagua aina ya kila nafasi, kisha jenga objekti yenye majina yanayosomeka, ili nafasi ya 0 isiendelee kuzagaa katika msimbo mzima.

Hali ya pili ndiyo yenye uzito, nayo ni safu ya objekti za namna mbalimbali. Nitautumia mfano wa GeoJSON, muundo wa data za kijiografia uliowekwa rasmi na RFC 7946 mwezi wa Agosti 2016. Humo mna mkusanyiko uitwao "GeometryCollection", wenye safu ambamo nukta, mistari na poligoni hukaa pamoja, na kila objekti ina ufunguo "type" unaotaja ni ya namna gani. Ufunguo "coordinates" katika nukta hubeba safu ya namba. Katika mstari hubeba safu ya safu. Katika poligoni kina, yaani idadi ya safu zilizomo ndani ya safu, huongezeka tena. Msomaji anaweza kushawishika kusema: basi nitahesabu kina, nami nitajua aina. Hatajua. "LineString" na "MultiPoint" zina umbo lilelile, yaani safu ya nukta, na tofauti yake ni kwamba katika moja nukta zimeunganishwa na katika nyingine hazikuunganishwa. "Polygon" na "MultiLineString" nazo zina kina kilekile. Umbo haliwezi kutoa jibu ambalo halimo ndani yake.

Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu niliwahi kuandika msimbo uliobahatisha kwa umbo. Kanuni yangu ilikuwa kwamba objekti yenye ufunguo wa kiasi ni malipo. Baadaye mtumaji akaongeza marejesho, ambayo nayo yalikuwa na kiasi, na programu yangu ikayahesabu kuwa fedha zilizoingia, bila kutoa kosa lolote. Hatari hiyo imo pia katika zana nzuri: maktaba ya Serde ya lugha ya Rust, ukiiagiza isome aina zisizo na kitambulishi (ufunguo unaotaja namna ya objekti, kama "type" ya GeoJSON), hujaribu kila aina kwa mpangilio ulioziandika na kuichukua ya kwanza inayokubali, hivyo kupanga upya mistari ya msimbo kunaweza kubadili maana ya data.

Njia ninayoipendekeza ni kusoma mara mbili. Katika lugha ya Go, kwa mfano, unaisoma safu kwa kuacha kila kipengele katika baiti zake ghafi kwa kutumia json.RawMessage, unasoma kitambulishi peke yake, kisha unazipeleka baiti hizo kwenye muundo unaostahili. Faida yake haiishii kwenye mpangilio. Ukiiacha Go isome thamani bila kuambiwa aina, kila namba huwa desimali ya biti 64, ambayo haiwezi kushika kila namba nzima kubwa kwa usahihi, na 9007199254740993 itageuka kimyakimya kuwa 9007199254740992. Kwa namba ya utambulisho wa akaunti, tofauti hiyo ya 1 ni akaunti ya mtu mwingine.

Mpangilio wa funguo nao usitegemewe, maana objekti ya JSON haina mpangilio wenye maana. Maktaba ya System.Text.Json, ya jukwaa la .NET la Microsoft, ilipoanza kusoma objekti za namna mbalimbali kwa kitambulishi katika .NET 7 ilitaka kitambulishi kitangulie, na ruhusa ya kukiweka popote ilikuja katika .NET 9.

Tena, kitambulishi kiwe neno linalotafutwa katika orodha fupi uliyoiandika mwenyewe, kamwe kisiwe jina la klasi ambalo programu italitii. Udhaifu wa jackson-databind, maktaba ya kusoma JSON katika lugha ya Java, uliosajiliwa katika orodha ya udhaifu wa kiusalama kama CVE-2017-7525 ulitokana na mlango huo: data kutoka nje ikachagua klasi ya kujengwa, na mshambuliaji akaweza kuendesha msimbo wake.

Linabaki swali la kitambulishi usichokijua, na hapa sina jibu moja kwa kazi zote. Ninaposoma kumbukumbu za matukio, huwa naweka aina ya ziada inayohifadhi baiti ghafi pamoja na jina lililokuja, ili toleo jipya la mtumaji lisiangushe usomaji wa mengine yote. Ninaposoma miamala ya fedha, naikataa safu nzima, naandika nafasi ya kipengele kilichoshindikana na kitambulishi chake, na hakuna salio linaloguswa mpaka mtu aitazame.