Goti Linashikwa na Nini: Mhadhara kwa Walimu wa Michezo, Mbeya

Waheshimiwa walimu, makocha wa timu za mitaa, wazazi wangu mlioketi mbele na vijana mliosimama nyuma, shikamooni na habari za mchana. Mezani hapa nimeweka goti la mbuzi nililonunua asubuhi kwa muuza nyama wa Mwanjelwa. Aliponiuliza nataka mguu upi, nilimjibu kwamba nautaka wa nyuma, kwa kuwa kile tunachokiita goti katika mguu wa mbele wa mbuzi au ng'ombe kwa hakika ni kifundo cha mkono wake. Goti lake halisi lipo mguu wa nyuma, juu, karibu na tumbo, na ndani yake limeumbwa karibu sawa na letu.

Tazameni mifupa inavyokutana. Mfupa wa paja unaishia kwa vichwa viwili vya mviringo, navyo vimekaa juu ya mfupa wa muundi ambao kileleni mwake ni bapa, karibu kama sahani. Pale nyongani mfupa huohuo wa paja umeingia kwenye kikombe chake ukatulia, lakini hapa haukuingia popote, na ukiondoa nyama zote, kila mfupa utaanguka upande wake. Mbele ipo pia ya goti, ambayo wengine huiita kilegesambwa, na kazi yake ni kuusogeza mbele ukano wa msuli mkubwa wa paja ili msuli huo uunyooshe mguu kwa kutumia nguvu pungufu. Hiki ndicho kiungo kikubwa kuliko vyote mwilini, na mifupa yake haina uwezo wa kukishika.

Kinacholishika goti ni kano nne, yaani nyuzi imara zinazofunga mfupa kwa mfupa. Mbili za pembeni, ya ndani na ya nje, huuzuia mguu usipinde kwa upande. Mbili nyingine zipo katikati, zimepishana kama msalaba: ya mbele huuzuia muundi usichomoke kwenda mbele wala usizunguke kupita kiasi, na ya nyuma huuzuia usirudi nyuma. Katikati ya mifupa hiyo viko vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mwandamo, vinavyoitwa meniski, ambavyo hupokea uzito na kuusambaza. Ukingo wake wa nje hupata damu, lakini sehemu ya ndani haina mishipa ya damu, na kwa sababu hiyo ufa ukitokea huko ni nadra kuunga, hata mtu akipumzika mwaka mzima.

Nayasema haya kwa uchungu kidogo. Nilipokuwa mwanafunzi Iringa, nikicheza beki wa kulia, niligeuka ghafla kumfuata winga, kiatu kikabaki kimeng'ang'ania nyasi huku mwili ukizunguka, hakuna aliyenigusa. Nilisikia mlio ndani ya goti, kama kijiti kikavu kinapovunjwa, na kabla jua halijazama goti lilikuwa limejaa kama boga. Hospitalini nilipigwa eksirei, nikaambiwa hakuna kilichovunjika. Jibu lile lilikuwa la kweli, ila eksirei huonyesha mfupa; kano na meniski haizioni. Nyumbani nilikandwa kwa maji ya moto, nikachuliwa, na baada ya wiki tatu nikarudi uwanjani. Goti likaniachia tena, na safari hiyo meniski nayo ikachanika.

Kwa hiyo, walimu, ulizeni uvimbe ulianza saa ngapi. Goti linalovimba ndani ya saa mbili tatu baada ya kujipinda kwa kawaida limejaa damu, na mara nyingi iliyokatika ni ile kano ya msalaba ya mbele. Linalovimba kesho yake, kisha likawa linakwama na kukataa kunyooka, hapo shukuni meniski. Siku mbili za mwanzo ni za kupumzika, kufunga bandeji, kuinua mguu na kuweka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, si za maji ya moto wala kuchua. Asiyeweza kukanyaga hatua nne apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Goti lenye uvimbe, joto na homa halingoji kuche, maana usaha ndani ya kiungo huweza kuila gegedu kwa siku chache tu.

Sisi wa nyanda za juu tuna adha nyingine, nayo ni mteremko. Mama anayeshuka kutoka shambani kule Rungwe na debe la viazi kichwani anapumua vizuri kuliko alivyopanda, lakini goti lake ndilo linaloteseka. Kutembea tambarare hulibebesha goti takriban mara mbili na nusu ya uzito wa mwili, na kushuka ngazi hupita mara tatu. Mwenye kilo 60 basi analibebesha goti zaidi ya kilo 180 kwa hatua, debe halijahesabiwa. Msuli wa paja hapo hufanya kazi ya breki, ukijikaza huku ukirefuka, kama lori linaloshuka mteremko mkali wa Kitonga kwa gia ndogo. Ukichoka, maumivu hujitokeza nyuma ya pia ya goti. Dawa yake ya kwanza ni kuuimarisha: kaa kitini polepole ukihesabu hadi nne, kisha inuka, mara kumi, asubuhi na jioni. Makocha wa wasichana wafundishe pia kutua kwa magoti yaliyokunjwa yasiyogongana, kwa kuwa katika mchezo uleule wasichana hukatika kano ya mbele mara nyingi kuliko wavulana.

Sasa sogeeni mezani, vijana mtangulie. Nitaikata kano ya mbele ya mbuzi huyu, halafu mmoja wenu ashike paja, mwingine auvute muundi, muone unavyoteleza kuja mbele.